Nilivyomtangaza Kaka Yangu

Neno lenyewe ni "wavamizi", na aliyeliandika ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaonisikiliza hupenda kunisaidia kulitua. Husema ni bosi, ni siasa, ni wenye fedha, ndivyo nchi ilivyo. Hayo yote yalikuwepo, nami nitayaeleza. Lakini asubuhi ile nilikuwa peke yangu mbele ya kompyuta ya chumba cha habari, chai inapoa pembeni, na nililichagua neno lile kwa sababu lilikuwa fupi.

Nilikuwa msomaji wa taarifa ya habari katika redio moja ndogo mjini Kahama. Ofisi yetu ilikuwa Nyasubi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tukisahau kufunga dirisha, wasikilizaji walisikia mabati yakipakuliwa katikati ya habari za kimataifa. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa. Nilipoanza, ulimi wangu ulikuwa bado wa nyumbani, Kisukuma kitupu, "kula" na "kura" nikizitamka sawasawa, jambo lililowachekesha sana wenzangu kila msimu wa uchaguzi ulipofika. Nilijizoeza mwezi mzima mbele ya kioo. Kaka yangu alinisaidia kwa simu. Ananiambia, "Sema tena. Wananchi wapiga nini?" Nasema. Anacheka, ananiambia bado wanakula.

Kaka alinizidi miaka sita. Tumezaliwa Ibadakuli, upande ambao ndege ikija kutua inapita chini mpaka unaona magurudumu yake. Baba alifariki kaka akiwa kidato cha pili. Siku arobaini hazijaisha, akamwambia mama anakwenda Geita kutafuta kazi kidogo, akitulia atarudi shuleni. Ile kazi kidogo ikawa miaka kumi na tisa. Mimi nikamaliza kidato cha sita, nikasomea uandishi wa habari, na kila kilichonifikisha huko kilitoka ardhini kupitia mikono yake. Hakuwahi kunikumbusha hata mara moja. Alichofanya ni kununua redio ndogo ya betri, akawa anaifungulia pale machimboni saa moja asubuhi, akiwaambia wenzake nyamazeni, huyo ni mdogo wangu.

Huko huko alisilimu. Ndugu zetu walisema amefuata mwanamke, kwa kuwa baadaye alimwoa dada mmoja kutoka Tabora aliyekuwa akipikia wachimbaji chakula. Nilimwuliza mwenyewe. Aliniambia mwanamke alikuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na homa ya matumbo iliyomlaza wiki tatu, na watu waliombeba mgongoni mpaka zahanati, wakamwogesha, wakamlisha uji, walikuwa wachimbaji wenzake Waislamu, mmoja wao mtu wa Kigoma aliyekuja kuwa rafiki yake wa maisha. "Nilipopona," alisema, "nilitaka kusali na watu walionibeba." Mimi nilimwelewa. Mama hakumwelewa. Mama yetu alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, na habari ile aliipokea kama msiba mwingine.

Kila mwaka baada ya mavuno kaka alikuja kumsalimia. "Shikamoo, mayu." "Marahaba." Basi, yaliishia hapo. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mama akimbembeleza binti yake humwita hivyo hivyo. Anakaa, mama anamwandalia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, au maharage yaliyoungwa karanga, anamwekea maji ya kunawa, anaondoka kwenda kukaa jikoni. Ilinichukua miaka mitatu kugundua kwamba nyama haikupikwa hata siku moja kaka akiwepo. Nilidhani ni hasira. Haikuwa hasira. Mama hakutaka kumweka mwanawe mahali pa kuuliza nani amechinja. Lakini hakumwuliza habari za mke wake, wala za mabinti zake wawili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona. Kaka naye hakuwataja. Wote wawili walikuwa wakisubiri mwingine aanze.

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile.

Ilikuwa msimu wa mvua na msimu wa kampeni kwa pamoja. Kila siku tulikuwa na habari nyingi za mikutano, mgombea amesema hivi, mgombea ameahidi vile, na nafasi ya mambo mengine ilikuwa finyu. Dakika chache kabla ya saa moja, taarifa ikaingia kwenye simu, katika kundi letu la waandishi. Ilisema watu wanne wanaosadikiwa kuingia bila kibali cha mmiliki, katika duara lililofungwa kwa sababu za usalama, wamefariki dunia baada ya kufukiwa na kifusi. Kwa asiyejua, duara ni shimo la dhahabu, lile la wachimbaji wadogo, linaloshuka chini kwa ngazi za miti na kamba.

Sentensi ilikuwa ndefu mno kwa redio. Mhariri wetu alikuwa akinisifu mbele ya wengine kwamba sentensi zangu hazina mafuta. Basi nikaikata. Nikaandika: "Wavamizi wanne wamefariki dunia baada ya kufukiwa na kifusi katika duara walilolivamia." Jina la kilima lilikuwepo. Kwa nijuavyo, kaka alikuwa akichimba kilima kingine. Sikupiga simu. Haikunijia kabisa kupiga simu, kwa sababu akilini mwangu wavamizi walikuwa watu wengine.

Niliisoma baada ya habari ya mkutano wa kampeni. Nilipoimaliza nikavuta pumzi, nikasoma bei ya pamba.

Saa nne wifi akanipigia.

"Wifi, uko wapi?"

"Niko kazini, wifi. Za huko?"

"Tumekusikia umetangaza."

"Nimetangaza nini?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia, lakini yeye sauti yake ilikuwa kavu. "Umemtangaza kaka yako," akasema.

Sikumbuki vizuri nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka mhariri alinitafutia gari, akampa dereva maelekezo, akaniwekea chupa ya maji mkononi. Alikuwa mtu mwema, na nitarudia kusema hivyo hata nikifika kwenye mambo mengine yake. Njiani nilimpigia mama. Nilimwambia kaka amepata ajali kazini, hali yake ni mbaya, ajiandae nitamtumia gari. Akauliza, "Bado anapumua?" Nikasema, "Mama, jiandae tu." Akakata simu.

Nilipofika, maiti walikuwa wamekwisha kutolewa, wamelazwa chini ya turubai karibu na karasha la kusagia mawe. Yule rafiki wa kaka, mtu wa Kigoma, alinipokea. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Alinikalisha juu ya mfuko wa mchanga, akasema, "Dada, nikueleze taratibu, maana wewe ni mtu wa habari."

Akanieleza. Duara lilikuwa limefungwa kweli, mvua zikiisha ndipo lifunguliwe. Lakini pampu ya maji ilikuwa bado chini, na mmiliki hakutaka ifunikwe na maji. Jana yake jioni akawaagiza watu watatu washuke alfajiri waitoe. Walishuka. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yakaachia, udongo ukawafunika mpaka kiunoni. Wakawa wanapiga kelele. Kaka hakuwa hata mfanyakazi wa duara lile. Alikuwa ng'ambo, kwenye kilima chake, anakunywa chai. Alisikia, akakimbia, akafunga kamba, akashuka. Mtu wa kwanza akamtoa, akapandishwa juu akiwa hai, nyonga imevunjika. Wakamwambia subiri tupate miti. Kaka akasema, maji yanapanda, hawa hawataisubiri miti. Akarudi chini na mwenzake mmoja. Ukuta wa pili ndio uliowachukua wote wanne.

"Mmiliki anasema hakumtuma mtu," rafiki yake akasema. "Agizo lilikuwa la mdomo. Sasa aliyetumwa atathibitisha vipi, na wawili wamekufa, na wa tatu yuko hospitali hajitambui?"

Nikamwuliza kama walisikia taarifa ya saa moja.

"Tulisikia," akasema. "Redio yake alikuja nayo, ilikuwa hapo kwenye benchi. Ndiyo kwanza tulikuwa tunamtoa."

Mama alifika saa tisa na nusu, na wanawake wawili wa kwaya. Wachimbaji walikuwa wamemngojea ndipo wazike. Kaka alikuwa ameoshwa na kukafiniwa, amelazwa ndani kwa wifi. Wazee wa msikiti walikaa nje, na nilijua wanaogopa, kwa kuwa huku kwetu nimeona maiti akigombaniwa na dini mbili mpaka polisi wakaitwa. Mtu wa Kigoma alimsogelea mama, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi tunakusikiliza wewe. Ukisema tumpeleke Ibadakuli akazikwe kwenu, tutampeleka sasa hivi."

Mama akauliza, "Alikuwa akisali na nani?"

"Na sisi, mama."

"Basi mzikeni nyinyi mnaozijua sala zake. Mimi naomba nimwone uso."

Wakamfungulia sanda. Mama hakulia. Alimfuta udongo uliobaki kwenye sikio, kwa ncha ya khanga, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Akasema, "Haya."

Kabla jeneza halijatoka, yakaja magari mawili na kipaza sauti. Alikuwa mgombea. Katika gari lake, kiti cha nyuma, alikuwa mmiliki wa duara. Walipewa viti vya mbele. Mgombea alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Aliwaita marehemu mashujaa wa uchumi. Alisema machozi ya mjane ni machozi yake. Alisema akichaguliwa hakuna mchimbaji mdogo atakayekufa tena namna ile. Watu walisikiliza kwa adabu, kwa sababu msibani humfukuzi mtu. Mwandishi wetu wa upande wa Geita alikuwepo, kinasa sauti kimenyooshwa. Aliponiona akainamisha uso, lakini mkono hakuushusha.

Kisha wanaume wakabeba jeneza. Mama akainuka, akafunga khanga vizuri, akaanza kufuata. Wifi akamshika mkono.

"Mama, kwetu wanawake hatuendi makaburini."

Mama hakuelewa. "Naenda kumzika mwanangu," akasema.

"Najua, mama. Wanaume watamzika. Sisi tunabaki hapa tunamwombea."

Mimi nilisimama pale sijui nimsaidie nani. Mama alimzika baba kwa kutupa udongo kwa mkono wake. Alizika wazazi wake hivyo hivyo. Kwake yeye, usipotupa udongo hujaagana na mtu. Alitazama kundi la wanaume likishuka njia ya kuelekea kwenye michongoma ya makaburini mpaka likapotea, halafu akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, si kwenye mkeka. Walipoanza dua kule mbali, sauti ilikuwa inakuja na kukatika. Mama aligeuza sikio ili asikie.

Jioni, kabla ya magharibi, tulikuwa jikoni kwa wifi. Mabinti wawili wa kaka walikuwa wamekaa mlangoni wakimtazama bibi yao ambaye hawakuwa wakimjua. Mama alikuwa akichambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Akaanza kusema bila kuinua uso.

"Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Nikakufungulia redio kama kila siku. Jirani akapita, akaniuliza, mwanao leo amesemaje? Nikamwambia, anasema kuna wezi wamefukiwa huko Geita."

"Mama."

"Subiri nimalize. Akasema masikini. Nikamwambia, masikini wa nini, wameyataka wenyewe. Nikasema Mungu ameona." Akaacha kuchambua. "Umesema ni wavamizi, mayu. Nilikuamini."

Nimesikia mengi tangu siku ile, kuna walionitukana na walionifariji. Hakuna lililonifika kama lile. Hakulisema kwa kunilaumu. Alikuwa anaeleza jinsi ilivyotokea.

Kesho yake asubuhi, redio yangu ilitangaza kwamba mgombea amewafariji wafiwa wa ajali ya machimbo. Mgombea alisikika kwa sauti yake mwenyewe. Wafiwa hawakusikika. Aya ya pili iliwataja marehemu kama wavamizi wanne. Mwenzangu aliyekuwa zamu alikuwa ameichukua sentensi yangu jinsi ilivyo.

Nilirudi kazini baada ya wiki moja. Mhariri alikuwa amekuja kutuhani, na ofisini alinisimamia kama kaka. Nikamwambia naomba tusahihishe.

"Tusahihishe nini hasa?" akauliza kwa upole.

"Hawakuwa wavamizi. Walitumwa. Na kaka yangu alikwenda kuokoa."

Akafungua ile taarifa kwenye simu yake, akanionyesha. "Taarifa inasema wanaosadikiwa. Neno wavamizi umeliandika wewe. Nikisahihisha, nasema msomaji wangu alikosea. Sawa, nitasema. Halafu wataniuliza, habari mpya umeipata kwa nani? Niseme kwa mfiwa?"

"Kuna watu walioona."

"Watazungumza redioni, kwa majina yao?"

Nilijua hawatazungumza. Walikuwa bado wanachimba kwenye vilima vya watu.

Akasogeza kiti karibu. "Dada, wewe si mgeni. Yule bwana mwenye duara ndiye anayetupa matangazo. Na kipindi hiki ukimgusa yeye, unaonekana umemgusa aliyekaa naye kwenye gari. Leseni yetu ikipigwa darubini, ni watu kumi na wawili wanakosa kazi. Tuache upepo upite."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa na watoto wanne na shinikizo la damu.

Zamani nilikuwa nadhani upendeleo wa vyombo vya habari ni bahasha. Mwandishi anapewa bahasha, anaandika anavyoambiwa. Bahasha zipo, nimeziona. Lakini siku ile hakuna aliyenipa kitu. Nilifanya nilivyozoea. Tulizoea kwamba mwenye cheo tunamwita mheshimiwa na kumpa sauti yake, na asiye na cheo tunamhesabu tu, wanne, saba, kumi na mmoja. Tulizoea kwamba taarifa ikitoka juu ni habari, na ikitoka chini ni malalamiko. Mlinzi wa mgodi akijeruhiwa tunauliza ana watoto wangapi. Mchimbaji akifa tunauliza alikuwa na kibali gani. Nimefanya hivyo miaka tisa kwa sauti nzuri, na watu walinisimamisha sokoni kunipongeza.

Kuhusu siasa sina mengi. Sitasema mgombea yule alikuwa wa chama gani, kwa sababu nimewasikiliza wa vyama vyote pale studio, na wote huwapenda wachimbaji wadogo mpaka siku ya kupiga kura. Sijaacha kupiga kura. Naenda, napanga foleni, narudi nyumbani bila kumwambia mtu. Lakini siwezi tena kusikiliza hotuba msibani. Mtu akishika kipaza sauti karibu na jeneza, mimi huondoka nikasaidia kuosha vyombo.

Niliandika masahihisho yangu mwenyewe, sentensi tatu. Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka katikati ya kurasa za taarifa. Nilipanga kwamba nikimaliza hali ya hewa nitaisoma, itakuwa imekwisha kutoka, wafanye watakavyo. Ilikuwa Jumatatu. Nilisoma mikutano ya kampeni, nikasoma habari ya kipindupindu, nikasoma hali ya hewa. Karatasi ilikuwa mbele yangu, imefunguliwa. Fundi mitambo nyuma ya kioo akainua kidole kunionyesha kwamba nimebakiza nusu dakika. Nusu dakika ilitosha kabisa. Nikasema, "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari. Asanteni kwa kutusikiliza." Muziki ukaingia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kodi ya nyumba, ndiyo. Woga, ndiyo. Lakini zaidi ilikuwa kwamba midomo yangu haikujua njia nyingine ya kumaliza. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuandaa taarifa ya saa nne.

Aliyesahihisha ni mama.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi uliofuata, nilikwenda Ibadakuli kumwona, tukaenda kanisani pamoja. Ulipofika wakati wa shuhuda, watu walisimama kama kawaida, huyu amepona malaria, huyu mtoto wake amefaulu. Mama akasimama. Hakwenda mbele. Alisema kutoka kwenye benchi la kwaya.

"Mimi nina neno. Mnajua nimefiwa na kijana wangu. Siku aliyokufa, kabla sijajua, nilisikia kwamba kuna watu wamefukiwa, nikasema wameyataka. Nilifurahi kidogo. Nataka niseme hivyo, nilifurahi kidogo, kwamba wezi wamepungua. Kumbe mwanangu alikuwa mmoja wao, na hakuwa mwizi. Alikufa akiwatoa wenzake. Tena hata kama angekuwa mwizi. Ndilo neno langu. Nyote mnaosikiliza redio asubuhi, mniombee."

Akakaa. Kisha mtu mmoja nyuma akaanzisha pambio, haraka haraka, na watu wakalidaka kwa shukrani, wakapiga makofi. Mchungaji akasema asante mama, akaenda kwenye matangazo. Baada ya ibada wengi walipita mbali na sisi. Mwanamke mmoja tu alikuja, mama mzee ambaye mwanawe alikwenda machimboni miaka mingi na hajulikani alipo. Alimshika mama mikono yote miwili.

Jioni mchungaji alikuja nyumbani. Alimwambia mama asijitese, Mungu amekwisha kumsamehe.

"Amekwambia lini?" mama akauliza.

Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua. Mchungaji alikunywa chai yake, akaomba, akaondoka. Tangu siku hiyo mama hajaimba kwenye kwaya. Kanisani anakwenda, anakaa benchi la nyuma, na ushirika wa meza ya Bwana ukifika anatoka nje.

Ananiuliza mara kwa mara kama nadhani atamkuta kaka huko tunakokwenda. Mchungaji ana jibu lake. Mtu wa Kigoma, nilipomwuliza, alikuwa na jibu la upande wake, akalisema kwa aibu kwa sababu alijua linamtenga mama. Mimi bado nasali. Lakini sala zangu zimekuwa fupi, na siku hizi sisemi "kwa ajili ya wale waliopotea", maneno tuliyofundishwa tangu utotoni, kwa kuwa sijui tena ni nani nimpe jina hilo.

Mambo yaliishaje? Mgombea alishinda. Duara lilifunguliwa mvua zilipokwisha. Mtu aliyevunjika nyonga alipona, akarudi kwao Singida, na hakuna aliyemwuliza chochote. Mimi niliacha redio miezi minne baada ya uchaguzi, kwa barua ya mistari miwili, nikaagwa kwa soda na keki. Sasa nina steshenari ndogo hapo hapo Nyasubi. Nawachapia watu barua za kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi. Mtu akiniletea malalamiko yake nayachapa kama alivyoyasema, hata yakiwa marefu. Msomaji mpya wa redio ni dada mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Namsikia kwenye maduka ya jirani, na saa moja asubuhi huwa najitafutia kazi ya kelele.

Wifi hakutaka kubaki machimboni. Alihamia Nkome, ziwani, anakausha dagaa na kuwauzia wachuuzi wa kutoka bara. Likizo iliyopita nilimpeleka mama. Ndiyo mara ya kwanza alikwenda kwa wifi bila msiba. Njia nzima alishika kapu la viazi mapajani, akakataa lisiwekwe kwenye buti.

Tulifika mchana. Wifi alikuwa mchangani na wanawake wengine, dagaa wametandazwa mpaka karibu na mitumbwi. Mabinti walikuwa madrasa. Mama alisalimiwa, akapewa kigoda, akakikataa, akainama na kuanza kugeuza dagaa na wengine. Walifanya kazi kama nusu saa bila maneno mengi. Kisha yule binti mkubwa akaja kutoka madrasa, amejifunga mtandio mweupe, akapiga goti kwa bibi yake. Ana uso wa kaka, ule ule, hata namna ya kukunja paji la uso jua likimpiga.

"Shikamoo, bibi."

Mama alifungua mdomo aitikie, marahaba haikutoka. Akakaa mchangani. Akaanza kulia, yeye ambaye hakulia mbele ya sanda wala siku ile wanaume walipoondoka na jeneza. Alilia kwa sauti, kwa Kisukuma, akimwita kaka kwa jina la utotoni ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Wanawake wakasimama na mikono yao ya magamba. Na mvua nayo ikaanza kudondoka kutokea ziwani, matone makubwa.

Dagaa wakilowa wanaoza. Wifi aliniita, tukashika turubai pande mbili, tukakimbia kufunika, binti naye akabeba mawe ya kukandamizia. Mama alibaki palepale. Nilitaka nimfuate nimwinue, wifi akanikataza kwa kichwa. "Mwache," akasema. "Hakumzika. Ndiyo anamzika sasa."

Tulipomaliza, wifi alikwenda akakaa karibu naye kwenye mvua. Hakumshika wala hakumwambia anyamaze. Nami nikaenda nikakaa nao.